Muulize Shangazi: Mtoto bado anavaa nepi, tupande meli ya kitalii?

Mwezi huu nimechagua barua tatu, zote za meli za kitalii na watoto wadogo, zimetoka Houston, Nairobi na Muscat. Nazijibu pamoja kwa sababu ukizisoma moja moja utaona wote watatu wameanza na bei na picha za meli, na mimi naomba tuanze na mtoto aliye mdogo kuliko wote nyumbani, ana miezi mingapi, maana huyo ndiye anayeamua meli gani na lini.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka 4 na mdogo ana miezi 10, tunaishi Houston. Wenzangu kazini kila mwaka wanapanda meli pale bandari ya Galveston wanaenda Mexico wanarudi, sasa na mimi nimetamani mwaka huu mwezi wa sita shule zikifungwa twende familia nzima. Nimeambiwa eti kwa vile meli inaondoka Galveston na inarudi hapohapo Galveston hakuna mambo ya makaratasi. Mimi nina grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, watoto wamezaliwa huku, mume wangu kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado inasubiri. Halafu nauliza, huyu mdogo ataweza kuogelea? Kuna wa kumwangalia ili na sisi tupumzike hata masaa mawili? Na ile bei wanayotangaza dola mia tatu na kitu kwa mtu, ndio hiyo tu au kuna mengine?
Mama Wawili, Houston

Marahaba mwanangu. Naanza na mume wako, maana hapo ndipo moyo umenishtuka, mengine yote uliyouliza yanarekebishika ila hili likiharibika limeharibika. Meli ikishatoka Galveston ikaenda Cozumel, kisiwa cha Mexico, kisheria mume wako ametoka Marekani, hata kama atakaa chumbani siku zote asikanyage nchi ya watu. Na mtu mwenye kesi ya hifadhi inayosubiri akitoka bila kile kibali cha kusafiri kinachoombwa mapema kwa fomu I-131, anahesabiwa kuwa ameiacha kesi yake mwenyewe. Miaka yote aliyosubiri inakwenda kwa safari ya siku nne! Hata akiwa nacho kibali, kumruhusu kuingia tena ni uamuzi wa ofisa atakayemkuta bandarini. Kwa hiyo mwanangu asipande mpaka wakili wake wa uhamiaji aseme, na wakili maana yake wakili, sio mtu wa kwenye grupu la WhatsApp anayesema shemeji yake alienda akarudi salama.

Hayo uliyoambiwa yana ukweli nusu. Raia wa Marekani ndio wanaoruhusiwa kwenye meli inayoanza na kuishia bandari moja ya Marekani kurudi kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha, na mtoto wa chini ya miaka 16 cheti chake kinatosha. Basi watu wakasikia cheti kinatosha wakasambaza kwamba hakuna makaratasi. Watoto wako wanaingia kwenye ruhusa hiyo, wewe hapana. Wewe beba grinikadi yako na pasipoti ya nchi yako ambayo haijaisha muda, na Mexico hawakudai viza ukiwa na ukaazi wa kudumu wa Marekani. Ila watoto pia mimi ningewakatia pasipoti, nakwambia sababu, mtoto akiugua Cozumel mkalazimika kushuka mkarudi kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakimpandishi mtu ndege ya kimataifa.

Kitu kingine ambacho sisi kinatukuta sana, mama amebaki na jina la baba yake, watoto wana jina la baba yao. Ukisafiri nao peke yako au na dada yako, mume akuandikie barua ya ridhaa aisaini mbele ya nota, yule ofisa wa kuthibitisha saini, itaje majina ya watoto, tarehe na meli, na uweke na nakala za vyeti vyao. Huenda mtu asikuulize kabisa, lakini akikuuliza huna, mtabaki bandarini na masanduku yenu.

Sasa huyo wa miezi 10. Kampuni nyingi zinapokea mtoto kuanzia miezi 6, wanahesabu siku ya kupanda, na safari ndefu kama za kuvuka Atlantiki, za Hawaii, au zile zenye siku tatu mfululizo na zaidi bila kugusa bandari, wanataka miezi 12. Kwa hiyo Mexico anaruhusiwa. Nasisitiza kuhusu siku kwa sababu nilishawahi kuona kwa macho yangu mama kijana pale mezani wanapokagua tiketi, mtoto amebakiza siku tisa tu atimize miezi 6, wakamwambia haiwezekani. Alilia yule binti, mume kasimama na masanduku manne na mtoto mkubwa kashavaa boya la mikononi la kuogelea, wakageuka wakarudi, na pesa ya tiketi hairudi mkizuiliwa namna hiyo. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, kwa sababu ilikuwa wiki moja na siku mbili tu, wangesogeza tarehe mbele wangepanda vizuri.

Kuogelea, hapa jiandae, usije ukanunua nepi za kuogelea pakiti tatu ukidhani zimemaliza kazi. Kwenye meli zinazotia nanga Marekani mtoto anayevaa nepi haingii kwenye mabwawa wala yale ya maji moto, hata hiyo nepi iwe ya kuogelea, ni kanuni ya afya, maji yale wanaoga mamia ya watu na kinyesi kidogo tu kinaugulisha wengi. Baadhi ya meli, hasa za Disney na zile kubwa za Royal Caribbean, zina sehemu ndogo ya maji ya watoto wa nepi yenye mashine yake ya kusafisha. Kama meli uliyoitaka haina, mdogo atacheza kwenye beseni chumbani au mchangani mkifika Cozumel, na uulize kama bafu la chumba lina hodhi la kuogea la kumkalisha maana vyumba vingi vina shawa tu. Yule wa miaka 4 ataogelea ila usimwache hata dakika, sio kila meli ina waokoaji kwenye mabwawa, na hata penye waokoaji jicho la mzazi ndio la kwanza.

Kuhusu wa kuwaangalia, klabu ya watoto huwa ipo na imo ndani ya nauli, na mimi napenda kusema wazi kwamba mzazi kupumzika sio dhambi. Ila kampuni nyingi klabu inaanza miaka 3 na mtoto awe ameshaacha nepi, wafanyakazi wa pale hawabadilishi. Carnival wao wanachukua kuanzia miaka 2. Wa chini ya hapo wanahitaji chumba cha watoto wachanga, Royal Caribbean na Disney wanacho kwenye meli zao nyingi kuanzia miezi 6, unalipia kwa saa na nafasi ni chache mno, zinaisha siku ya kwanza, kwa hiyo ukiona wameruhusu kuweka nafasi mtandaoni kabla ya safari weka hapohapo. Klabu nazo usiku kuanzia saa nne hivi kampuni nyingi zinaanza kutoza.

Bei. Dola mia tatu na kitu ni nauli ya mtu mmoja kama mko wawili chumbani, haina kodi na ada za bandari, haina bahashishi. Bahashishi za wafanyakazi kwenye kampuni kubwa za Marekani siku hizi ziko kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, na kampuni nyingi zinamhesabu hata mtoto wa kunyonya, wengine kama Carnival wanamsamehe wa chini ya miaka 2. Piga hesabu, watu wanne, siku tano, dola 17, ni dola 340, yaani kama umemlipia mtu mwingine nauli. Mtu wa tatu na wa nne chumbani mara nyingi nauli yake ni ndogo au wanasema mtoto bure, ila kodi na ada za bandari analipa kama mtu mzima. Soda, intaneti, kuegesha gari bandarini vyote mbali. Chakula kimo ndani, maji na chai pia, lakini maziwa ya kopo na nepi beba za kutosha na siku mbili za ziada, dukani melini ukizikuta ni chache na ghali.

Na siku ya kupanda, masanduku wanayachukua mlangoni yanafika chumbani jioni, wakati mwingine usiku. Mkoba wa mgongoni uwe na nepi, dawa, nguo za kuogelea na chakula cha mdogo. Mkifika chumbani tu mwambie mhudumu akuletee kitanda cha mtoto na jaketi la kujiokolea la saizi ya mtoto mchanga, halikai chumbani mpaka uliombe. Kabla meli haijaondoka kuna zoezi la dharura, ni lazima kwa kila mtu, usikwepe kwa kusema mtoto amelala. Mpeleke, uone kwa miguu yako njia ya kufika kituo chenu. Na mwezi wa sita msimu wa vimbunga vya Atlantiki umeshaanza, unaanza Juni 1 mpaka Novemba 30, nahodha anaweza kubadilisha bandari, kata bima na usimwahidi mtoto jina la kisiwa, mwahidi meli.

Baba yao je? Kama wakili atasema hapana, msimwache nyumbani na huzuni. Pale Galveston kuna feri ya serikali ya kwenda Bolivar, ni bure kabisa, dakika 18 hivi kuvuka, pomboo wanaonekana pembeni na wa miaka 4 atapiga kelele za furaha mkirudi. Mkae ufukweni siku nzima. Meli kubwa itakuwepo tu kesi ikiisha.

Sasa Shangazi, mimi niko Nairobi, niko na watoto watatu, miaka 9, 5 na huyu wa mwisho ako na mwaka moja na nusu. Bwanangu anataka tupande cruise ya familia December lakini viza ya Marekani na Schengen imetuchosha, tulinyimwa tayari. Kuna meli karibu yenye haina hizo shida? Na mimi hata feri ya Likoni inanifanya nisikie kutapika, sijui hawa watoto watakuwa aje.
Mama Watatu, Nairobi

Mama Watatu pole kwa viza, najua ile barua ya kukataliwa inavyoumiza. Angalieni Durban. Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza tangu Januari 2023, na msimu wa joto wa kule, kuanzia Novemba hivi mpaka miezi ya kwanza ya mwaka, kampuni ya MSC huwa na meli inayotoka Durban safari fupi za usiku tatu au nne kwenda Msumbiji, kisiwa kidogo cha Portuguese Island kilicho jirani na Inhaca kwenye ghuba ya Maputo, au Pomene kule Inhambane. Mara nyingi wanatangaza watoto wakilala chumba kimoja na wazazi hawalipi nauli, ada ya bandari tu. Hizi meli kubwa unazoziona Mombasa na Zanzibar, nyingi ziko kwenye safari ndefu za bahari na abiria wake wamepanda mbali, kwa watoto wadogo na mfuko wa kawaida Durban ndio yenye maana.

Kenya iko kwenye nchi za homa ya manjano kwa hiyo Afrika Kusini watadai kadi ya manjano. Chanjo inapigwa kuanzia miezi 9, na kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, usipeleke watoto wiki ile ya safari. Beba vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili, pale wanapenda kuviona. Msumbiji ina malaria, na watoto wa Nairobi wamekulia baridi hawajaizoea, ongea na daktari wao mapema na mbebe dawa ya kupaka ya kufukuza mbu hata kama ni kushuka masaa machache.

Kutapika sasa. Hapo nakupa habari njema, watoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kulevywa na bahari, kwa hiyo huyo wa mwaka na nusu huenda akawa mzima kuliko wewe. Wanaosumbuka zaidi ni kuanzia miaka 2 mpaka 12, ndio hao wakubwa zako wawili. Chumba chukua cha katikati ya meli na ghorofa za chini, pale meli inayumba kidogo, kule mbele na juu ndio unaona mawimbi yote. Hii ya roshani juu juu ni nzuri kwa picha lakini wewe unayezidiwa Likoni usiichukue, na pia na mtoto anayepanda panda viti mimi roshani inaninyima usingizi, ukiichukua mlango ufungwe na komeo la juu na hakuna kiti kinachokaa karibu na ukingo. Dawa za kichefuchefu za dukani kama Dramamine ya watoto zinaanzia miaka 2, chini ya hapo usimpe, na hao wakubwa muulize mfamasia kipimo na ujaribu nyumbani kwanza maana kuna mtoto inamlaza na kuna mwingine inamfanya aruke usiku kucha. Tangawizi, biskuti kavu, kukaa nje kutazama upeo wa bahari, hayo yanasaidia kweli. Simu na tableti ndio mbaya, mtoto akiinamia skrini meli ikiyumba lazima atapike.

Kama mnaweza, kabla ya kulipa pesa ya Durban, siku mkienda Dar kwa shangazi zenu pandeni boti ya Zanzibar, ni chini ya masaa mawili au mawili na kidogo, utajua mapema nani wa familia ana tumbo la bahari. Na nikuambie mapema, kule Portuguese Island na Pomene meli haigusi gati, mnashushwa kwa boti ndogo mpaka mchangani, bahari ikichafuka wanaahirisha mnabaki melini siku nzima. Kigari cha mtoto kwenye mchanga hakisukumiki, mbebe kwa kanga mgongoni kama tulivyobebwa sisi.

Assalaam alaykum. Mimi bibi wa miaka 62, kwetu Pemba, naishi Muscat. Binti yangu na mumewe wanataka kunichukua na wajukuu wawili, miaka 6 na 3, meli ya siku saba ya Ghuba kutoka Dubai mwezi ujao. Binti ana mimba ya miezi mitano. Nina wasiwasi na chakula cha halali na sala, na pia nahisi wananichukua niwe yaya.
Bibi wa Wajukuu, Muscat

Waalaykumu salaam bi mkubwa. Chakula kwanza maana ni jepesi, mtoa tiketi aandike ombi la chakula cha halali leo hii, kampuni nyingi zinataka wiki kadhaa kabla, mkisubiri mpaka mpande jibu litakuwa kuleni samaki na mboga. Mkifika muiteni mkuu wa wahudumu usiku wa kwanza, kila usiku atawaonyesha chakula cha kesho. Kibla ni dira ya simu, ila meli inageuka, iangalie upya kila sala, na televisheni ya chumbani huwa inaonyesha ramani ya meli ilipo na inakoelekea, itakusaidia. Na wajukuu wanawe mikono kwa sabuni na maji kabla ya bufee, ile dawa ya kupulizia haiui vizuri virusi vya kutapika na kuharisha vinavyoenea melini.

Kuwa yaya. Bi mkubwa ongea nao kabla ya safari, kwa upole lakini kwa maneno kamili, sema mimi nitakaa na watoto alasiri mbili, usiku niacheni nilale. Omba chumba chako, hata kama ni cha ndani kisicho na dirisha, giza lake ni zuri kwa usingizi. Wa miaka 3 kama ameacha nepi ataingia klabu na mwenzake, kwa hiyo huna sababu ya kukimbizana nao siku saba.

Lakini safari hii ya mwezi ujao, bi mkubwa, nadhani haipo. Kampuni nyingi za meli hazimpokei mama mwenye mimba itakayofika wiki ya 24 wakati wowote kabla safari haijaisha, wanahesabu mpaka siku ya kushuka, sio siku ya kupanda. Miezi mitano leo ni wiki 20 mpaka 22, ongeza mwezi na siku saba, ameshapita. Daktari hata akiandika kwamba ni mzima hawabadilishi, melini hakuna wa kumhudumia mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mwambie binti apige simu kesho aulize kubadilisha tarehe kabla pesa haijafungwa. Meli za Ghuba huwa za msimu wa baridi, kama Novemba mpaka Machi, akijaliwa kujifungua salama mjukuu mpya atakuwa kashapita miezi 6 kabla msimu mwingine haujaisha, na huyo wa miaka 3 atakuwa hana nepi hata usiku. Viza za kuingia Dubai ziwe za kuingia zaidi ya mara moja kwa kila asiye na ukaazi wa kule, maana meli ikigusa Doha ikarudi mnaingia upya.